Maabara Isiyo na Chupa: Kuwafundisha Vijana Njia ya Sayansi kwa Maneno Yao Wenyewe

Mwulize mwanafunzi wa darasa la nane, au wa sekondari, hatua za njia ya sayansi. Mara nyingi atakutajia zote bila kukosea: uchunguzi, nadharia tete, jaribio, matokeo, ufafanuzi, hitimisho. Katika shule zetu zinazofuata desturi ya Kifaransa, hatua hizo hufupishwa kwa herufi OHERIC, na mwanafunzi hukariri herufi hizo kama anavyokariri mito na majimbo. Kisha mwulize swali la pili: ni lini mara ya mwisho uliwaza jambo, ukalipima, ukakuta umekosea? Hapo atanyamaza.

Ukimya huo hautokani na akili ndogo. Unatokana na ukweli kwamba amefundishwa majina ya hatua bila kupitishwa hatua yenyewe. Claude Bernard, daktari Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kuhusu tiba ya majaribio mwaka 1865, alisisitiza kwamba wazo la mtafiti ni swali linaloulizwa kwa maumbile, na kwamba mtafiti awe tayari kuliacha maumbile yakijibu vingine. Utayari huo wa kuacha wazo ndio kiini cha jambo, nao haufundishiki kwa imla.

Jibu la kawaida la walimu ni kwamba shule hazina maabara: hakuna darubini, hakuna kemikali, pengine hakuna hata umeme. Ni kweli. Lakini sisi wa kitivo cha lugha, ambao wengi wetu tutasimama mbele ya ubao mara tu tumalizapo masomo, tuna maabara moja isiyogharimu faranga. Kila mtoto huingia nayo darasani, ndani ya kichwa chake: ni lugha anazozisema. Makala hii inaonyesha jinsi ya kuitumia, kwa mfano mmoja unaoweza kufundishwa katika vipindi viwili au vitatu.

Wazo lenyewe si geni. Nchini Marekani, wanaisimu Ken Hale na Wayne O'Neil wa chuo cha MIT, pamoja na Maya Honda, walitetea kwa miaka mingi kwamba isimu ni mlango mzuri wa kuingilia sayansi shuleni. Sababu zao zinatufaa na sisi. Data ni nyingi na ni ya bure. Kila mwanafunzi ni shahidi. Wazo linaweza kupimwa kwa dakika moja, na likianguka hakuna kilichovunjika.

Swali la kuanzia

Waambie wanafunzi waorodheshe majina ya vitu ambayo wingi wake huanza na vi- au vy-. Mwalimu aandike ubaoni bila kuchagua. Baadhi watasema bitabu na byakula, kama tusemavyo mitaani Lubumbashi, Bukavu au Goma. Asiwakosoe. Ayaandike pembeni, na ataje kwamba hiyo nayo ni data: inaonyesha kwamba hapa kwetu wingi wa kundi hili una b pale ambapo vitabu vya shule vina v. Somo la kwanza la sayansi ni kuandika kilichosikika, si kilichotakiwa kusikika.

Wengine wataleta chapati, chaki na chupa kwa kuwa zinaanza na ch. Waulize wingi. Hakuna asemaye *vyapati wala *vyaki. Basi hayo hayamo katika kundi tunalolichunguza, ingawa sura yake ya mwanzo inafanana. Hapo wamejifunza jambo la pili: kabla ya kueleza data lazima kuwe na kipimo cha kusema ipi ni data na ipi si data, na kipimo hicho kiwekwe mapema, si baada ya kuona maneno yanayotukera. Chakula nacho kiwekwe kando, maana kimeundwa kwa cha na kula, kwa hiyo ch- yake ina asili yake ya pekee.

Baada ya kupanga, ubaoni patakuwa na safu mbili. Safu ya kwanza: chama, chanzo, cheo, chombo, choo, chuma, chumba, chuo. Safu ya pili: kiapo, kiatu, kiazi, kielelezo, kioo, kiongozi, kiumbe, kiungo. Yote ni ya kundi moja. Katika yote, kiambishi ki- kimekutana na irabu. Mbona katika safu ya kwanza kimegeuka ch-, na katika ya pili kimebaki ki-?

Hilo ni swali halisi. Mwanafunzi amesema maneno hayo maisha yake yote bila kuliuliza. Na hata mwalimu, asipojiandaa, hana jibu mfukoni.

Mawazo matatu yanayoanguka

Wanafunzi watatoa mawazo. Kila wazo liandikwe kama nadharia tete, yaani sentensi iliyo wazi kiasi kwamba tunaweza kusema ni kitu gani kingeonyesha kuwa si kweli.

Wazo la kwanza huwa: inategemea irabu inayofuata. Tupime. Mbele ya a tuna chama na kiapo. Mbele ya e, cheo na kielelezo. Mbele ya o, chombo na kiongozi. Mbele ya u, chuma na kiungo. Kila irabu iko pande zote mbili. Wazo limeanguka, na limeanguka kwa ushahidi, si kwa kuwa mwalimu amelikataa.

Wazo la pili: maneno mafupi huchukua ch-, marefu hubaki na ki-. Mwanzoni linavutia, kwa sababu chuma, chumba na chama yana silabi mbili, ilhali kiapo na kiungo yana tatu. Lakini kuna mtego. Kiapo kina silabi tatu kwa sababu ki- yake haikuungana na irabu. Tukisema ki- imebaki kwa kuwa neno ni refu, na neno ni refu kwa kuwa ki- imebaki, tunazunguka mti uleule. Tupime shina peke yake: -uma na -umba upande mmoja, -apo na -ungo upande wa pili. Yote yana silabi mbili. Kisha mwalimu aandike jozi hii: choo, kioo. Shina ni -oo kwa yote mawili. Irabu ni zile zile, urefu ni ule ule, ila jibu ni tofauti. Jozi kama hiyo ni sawa na majaribio mawili yaliyofanana katika kila kitu tunachokiona. Inatuambia kwamba sababu tunayoitafuta haimo katika sura ya leo ya neno.

Wazo la tatu ni zuri zaidi, na kwa kawaida hutoka kwa mwanafunzi mkimya wa nyuma: maneno yaliyotokana na vitenzi hubaki na ki-. Kiapo kimetoka kwa kuapa, kiongozi kwa kuongoza, kiungo kwa kuunga, kiumbe kwa kuumba. Darasa litashangilia. Mwalimu asipige makofi wala asikatae. Aulize tu: je, kuna neno la safu ya kwanza lenye kitenzi? Lipo. Chanzo kimetoka kwa kuanza. Mfano mmoja kinzani unatosha kuzuia sheria isiitwe sheria, hata kama mifano minne inaiunga mkono. Hilo ni gumu kwa kijana kulikubali. Ni gumu pia kwa mtafiti mzima.

Kutoka nje ya Kiswahili

Sasa darasa limekwama, na kukwama huko ni kwa manufaa. Jozi ya choo na kioo imetuambia kwamba sababu haionekani leo. Huenda basi ilionekana zamani. Nadharia tete ya nne ni hii: maneno ya safu ya pili yalikuwa na konsonanti kati ya ki- na irabu. Ki- ilikutana na konsonanti, kwa hiyo haikugeuka. Baadaye konsonanti ile ilidondoka, ki- ikabaki ilivyo.

Wazo hili linatoa ubashiri unaoweza kupimwa. Tukienda kwa lugha ndugu za Kibantu, maneno ya safu ya pili yataonekana na konsonanti mahali hapo. Yale ya safu ya kwanza hayataonekana nayo. Na watoto wetu wana lugha hizo nyumbani. Watumwe wakaulize wazazi, bibi na babu, na kila jibu liandikwe pamoja na jina la lugha na umri wa aliyelitoa.

Watarudi na nini? Anayesema Kilingala atasema kuapa ni kolapa: l iko pale tulipoitazamia. Mwenye Kirundi atasema kiongozi ni indongozi, na kuongoza ni kurongora, ambako r ya Kirundi hulingana na l ya lugha nyingine. Mwenye Kinyarwanda atasema viungo vya mchuzi ni ibirungo. Mwenye Kibemba, kutoka kusini mwa Katanga, atasema kioo ni icilola, kutoka kulola, kutazama. Kioo ni kitu cha kujitazamia. Kimepoteza l zote mbili, na ndiyo maana kimebaki na oo tupu.

Kwa upande wa pili, Kinyarwanda kinasema icyuma kwa chuma na icyumba kwa chumba. Hakuna konsonanti kabla ya u. Ubashiri umesimama pande zote mbili.

Tunao pia ushahidi wa kando, usiohusu ki- hata kidogo. Kiswahili kinasema njaa, Kilingala nzala, Kibemba insala, Kinyarwanda inzara. Kiswahili kinasema kuzaa, Kibemba ukufyala, Kinyarwanda kubyara. Kwa hiyo kudondoka kwa l si hadithi tuliyoitunga ili kuokoa safu yetu ya pili. Ni jambo lililotokea katika Kiswahili kwa upana. Ulinganisho wa namna hii ndio uliomwezesha Carl Meinhof kuchapisha maelezo yake ya sauti za Kibantu mwaka 1899, na baadaye Malcolm Guthrie na A. E. Meeussen kuendeleza kazi hiyo. Watoto wa darasa la nane wametembea, kwa hatua fupi, katika njia ileile.

Hatari tatu za kuwaonya

Hatari ya kwanza ni maneno ya kuazima. Kinyarwanda kinasema igitabo, Kiswahili kitabu. Mfanano huo hauthibitishi undugu wowote, kwa sababu neno ni la Kiarabu na limesafiri. Kila ushahidi uulizwe: umetoka kwa babu mmoja, au umenunuliwa sokoni?

Hatari ya pili ni nadharia inayojiokoa daima. Chukua kiumbe. Kibemba kinasema ukubumba, na Kinyarwanda kubumba ni kufinyanga. Konsonanti iliyopotea hapa ni b, si l. Basi tunarekebisha: haikuwa lazima iwe l, bali konsonanti fulani. Marekebisho haya ni halali, maana yameletwa na ushahidi. Lakini tukiwa na uhuru wa kusema konsonanti yoyote ilipotea popote, hakuna neno litakalotushinda, na nadharia isiyoweza kushindwa haitufundishi kitu. Kwa hiyo darasa liweke sharti: hatusemi kuna konsonanti iliyopotea mpaka lugha ndugu ituonyeshe.

Hatari ya tatu ni kusahau wakati. Tunalo neno chanzo, lakini pia kianzio, kutoka kitenzi kilekile cha kuanza. Je, limeangusha nadharia? Laiti lingekuwa neno la kale, lingeitikisa sana. Lakini inaelekea ni neno lililoundwa baadaye, wakati ambapo ki- haikuwa tena ikigeuka ch- mbele ya irabu. Hilo nalo lisikubaliwe kwa maneno matupu. Linatoa ubashiri wake: maneno yanayoundwa katika siku zetu kwa ki- na irabu yabaki na ki-. Kiarabu na Kiingereza, majina ya lugha yaliyoundwa juu ya maneno ya kigeni, yanakubaliana na ubashiri huo. Wanafunzi watafute mengine.

Na mwishoni libaki swali lisilojibiwa. Kama l ilidondoka, mbona tunasema kilimo, kilio na kilima? Mwanafunzi atasema: l hubaki mbele ya i. Vizuri. Mbona basi kulala? Hapo mwalimu aseme waziwazi kwamba kipindi kimekwisha kabla ya swali. Somo la sayansi lisiloacha swali mlangoni limegeuka kuwa imla tena.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu anaweza kusema: haya ni michezo ya maneno, maisha ya nani yanategemea ki- na ch-? Hakuna. Lakini tabia ya akili inayojengwa hapa ndiyo ileile inayohitajika pale ambapo maisha yanategemea, na nchi yetu ina mfano wake.

Mwaka 1995, katika mlipuko wa Ebola wa Kikwit, ambapo karibu wanane kati ya kila wagonjwa kumi walikufa, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Kati ya hao 8, walipona 7. Mwanafunzi anayejua kukariri atasema: dawa imepatikana. Mwanafunzi aliyepitia jozi ya choo na kioo atauliza: walilinganishwa na nani? Wagonjwa wale hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo lililofanana nao. Huenda walipewa uangalizi bora kuliko waliotangulia. Huenda walitiwa damu baada ya kuvuka siku za hatari zaidi. Matokeo yalitia moyo, lakini hayakutosha kuushawishi ulimwengu wa tiba.

Wazo halikutupwa. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walipata kingamwili iliyokuja kuitwa mAb114. Mlipuko ulipoikumba Kivu ya Kaskazini na Ituri, jaribio lilianza Novemba 2018 ambapo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne, kila kundi dawa yake. Walishiriki wagonjwa 681. Agosti 2019 lilisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa tofauti ilikwisha onekana: katika makundi mawili, la mAb114 na la REGN-EB3, walikufa karibu theluthi moja ya wagonjwa, ilhali katika mengine mawili walikufa karibu nusu. Dawa zote nne zilikuwa na watetezi wake. Bila ulinganisho, mbili zilizo dhaifu zingeendelea kutolewa kwa nia njema, na watu wangekufa kwa nia hiyo njema.

Nafasi ya mwalimu

Yote haya yanamdai mwalimu jambo moja: asicheke swali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aisikrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Aliuliza, akadhihakiwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule yake. Osborne hakuamini, ila alikwenda kupima. Wawili hao walichapisha makala mwaka 1969, na jambo hilo leo laitwa athari ya Mpemba.

Hadithi hii hupenda kuishia hapo, mtoto akiwa mshindi. Tuimalizie. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, hawakupata ushahidi wa kutosha wa athari hiyo, na walionyesha kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadili jibu. Mjadala ungaliko. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Aliona, aliuliza, alipima, akaweka matokeo yake mahali ambapo wengine wangeweza kuyapinga. Zaidi ya hapo hakuna anachodaiwa mwanasayansi.

Kwa wenzetu watakaokwenda mafunzo ya ualimu muhula ujao, mashauri machache ya kazi. Gawa darasa kubwa katika makundi ya watu watano au sita, na katika kila kundi mmoja awe na kazi ya kutafuta mifano kinzani tu, ili kupinga kusionekane kuwa utovu wa adabu. Nadharia iliyoanguka isifutwe ubaoni. Ipigwe mstari mmoja, na pembeni liandikwe neno lililoiangusha. Lugha ya nyumbani isiitwe ya kijijini, maana leo ndiyo iliyoshika ufunguo. Wala somo hili lisiwe kisingizio cha shule kukosa darubini: mimea, maji na joto navyo vinataka kupimwa kwa vyombo vyake.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe kwanza, yamebaki kiatu, kiazi na kielelezo. Nadharia yetu inabashiri kitu juu ya kila moja. Waulizeni wazee wenu, kila mmoja kwa lugha yake, mlete majibu. Yakikataa, mlete upesi zaidi.